Uchafu Usio na Mwenyewe: Usafi wa Mgonjwa na Usafi wa Wodi

Ingia wodi yoyote ya hospitali zetu, uulize nani anadeki sakafu. Utajibiwa papo hapo: watu wa usafi. Nani anachoma sindano? Sista. Nani anafua kanga na mashuka aliyokuja nayo mgonjwa? Ndugu zake. Kisha uliza nani anafuta chuma cha ubavuni mwa kitanda, kile ambacho mgonjwa hukishika kila anapojigeuza. Au stendi ya dripu inayosukumwa kutoka kitanda hadi kitanda. Au ule mpira unaofungwa mkononi wakati wa kutafuta mshipa. Hapo watu huanza kutazamana.

Vitabu vya uuguzi hugawa somo hili mafungu mawili. Kuna usafi wa mtu: ngozi ya mgonjwa, kinywa chake, nywele, kucha, na vilevile mwili na mavazi ya muuguzi mwenyewe. Kuna usafi wa mazingira: hewa, maji, sakafu, vyoo, taka, vifaa. Darasani mgawanyo huo unasaidia. Kitandani unavunjika, kwa sababu kimelea kilichotoka kwenye kidonda huingia kwenye shuka, kikapanda kwenye kiganja cha aliyetandika, kikabaki kwenye kishikio cha mlango, na kufikia jioni kiko kwenye kanula ya mgonjwa mwingine. Safari hiyo moja imepita mafungu yote mawili. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba maambukizi ya hospitalini hupenya kwenye makutano, pale kazi ya mmoja inapoishia na ya mwenzake haijaanza, na kwamba tukiendelea kumlaumu muuguzi peke yake tutaendelea kuyakosa.

Uzito wa jambo hili unapimika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya dunia kuhusu kinga na udhibiti wa maambukizi. Katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja ambalo hawakuja nalo. Kwa wastani, mmoja kati ya kila 10 wanaolipata hufariki. Hao ni kinamama waliokuja kujifungua, vijana waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda, watoto wenye malaria. Watu waliotuamini wakajilaza kwenye vitanda vyetu.

Historia imetufundisha somo hili zaidi ya mara moja, na kila mara tumelikumbuka nusu. Miaka ya 1840 Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za wazazi. Moja ilifundishiwa madaktari, nyingine wakunga. Mwaka 1846 ile ya madaktari ilipoteza wazazi 459 kati ya 4,010, zaidi ya asilimia 11. Ya wakunga ilipoteza 105 kati ya 3,754, chini ya asilimia 3. Wanawake wa mjini walijua, na walipiga magoti wakiomba wasipelekwe kliniki ya kwanza. Machi 1847 daktari Jakob Kolletschka, rafiki wa Ignaz Semmelweis aliyekuwa akihudumu kliniki hiyo, alijeruhiwa kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zile zile za homa ya uzazi. Semmelweis akaunganisha mambo. Wanafunzi wa udaktari walitoka chumba cha maiti wakaingia moja kwa moja kwa wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei akaamuru kila anayeingia aoshe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo vilivyokuwa asilimia 18 mwezi Aprili vilikuwa vimeshuka hadi karibu 2 mwezi Juni. Kifo kilikuwa kikipita mlangoni, kati ya vyumba viwili ambavyo kila kimoja kilikuwa na mkuu wake na utaratibu wake, na mlango wenyewe haukuwa na mtu.

Miaka saba baadaye, Novemba 1854, Florence Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, pamoja na wanawake 38, kuwahudumia askari wa Uingereza wa vita vya Crimea. Wanafunzi wa uuguzi hufundishwa habari za taa yake ya usiku. Takwimu zina habari nyingine. Wauguzi wake walileta sabuni, nguo safi na chakula bora, na bado vifo vilipanda majira ya baridi yote, hadi Februari 1855 vilipofikia kama asilimia 42 ya waliolazwa. Jengo lile lilikaa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Machi ilifika tume ya usafi ikiwa na daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Wakazibua mifereji, wakaondoa mizoga, wakafungua njia za hewa, wakapaka kuta chokaa. Kufikia Juni vifo vilikuwa kama asilimia 2. Baada ya vita Nightingale alikaa na mtakwimu William Farr wakazipitia hesabu hizo moja moja, na kitabu alichokitoa mwishoni mwa 1859 kuhusu uuguzi kinaanza na hewa na afya ya nyumba kabla hakijafika kwenye ngozi ya mgonjwa. Kuhusu chanzo alikosea: aliamini hewa yenye uvundo ndiyo inayoua. Kuhusu mfereji alikuwa sahihi kabisa. Muuguzi mwema juu ya mfereji ulioziba ataupangusa mwili wa mgonjwa leo, na kesho kutwa ataufunika.

Mfano wa tatu uko katika bara letu. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, wauguzi walikabidhiwa kila asubuhi mabomba matano ya sindano kwa ajili ya kazi ya siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa mabomba yalisuuzwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Jioni, mara nyingine, yalichemshwa. Wagonjwa wengi wa mwanzo wa ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola waliupatia pale, kwenye sindano ya vitamini au ya malaria. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11, masista wa kimisionari miongoni mwao. Hospitali ilipofungwa mwishoni mwa Septemba, njia hiyo ya maambukizi ilikatika. Wale hawakuwa watu wavivu wala wasiojali. Walikuwa na wagonjwa mamia na mabomba matano, na katika mpango mzima wa hospitali hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichomtoka mgonjwa mmoja hakimwingii wa pili. Mjini Kikwit, katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1995, ugonjwa huo huo ulipita hospitalini ukawakumba wahudumu wa afya kama 80. Na Machi 2023, Tanzania ilipotangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, watu 9 waliugua na 6 wakafa, mhudumu wa afya akiwa mmoja wa waliofariki. Tuwakumbuke kila tunaposikia mtu akisema usafi ni mambo madogo.

Sasa tuutazame mkono. Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati tano ambazo muuguzi hana budi kutakasa mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo kandokando yake. Ule wakati wa tano ndio unaosahaulika kuliko yote. Muuguzi amekuja kuongeza mwendo wa dripu, hakumgusa mtu, kwa nini anawe? Lakini stendi na meza ya kitandani vina vimelea vya mgonjwa yule yule, na baadhi ya bakteria wa hospitalini hukaa hai kwenye chuma kikavu kwa wiki na hata miezi.

Tufanye hesabu. Tuseme muuguzi mmoja ana wagonjwa 30 zamu ya usiku, jambo ambalo si geni katika hospitali zetu. Akimgusa kila mmoja mara mbili tu, na kutakasa mikono kabla na baada, ni mara 120. Kwa maji na sabuni, kwa sekunde 40 zinazotakiwa kwa uchache, ni dakika 80, na hapo hatujahesabu hatua za kwenda kwenye sinki na kurudi. Ukiunganisha ule unawaji wa baada ya mgonjwa mmoja na wa kabla ya anayefuata, bado ni dakika 40. Kwa kitakasa mikono chenye spiriti, kinachotaka sekunde 20 hadi 30 na kinachotumika pale pale kitandani, muda unaweza kuwa nusu ya huo. Didier Pittet na wenzake katika hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva waliona miaka ya 1990 kwamba kadiri wodi ilivyoelemewa na kazi ndivyo mikono ilivyosahauliwa. Wakapeleka spiriti hadi kitandani. Kati ya 1994 na 1997 utakasaji ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini wakapungua kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Tabia ilibadilika baada ya chupa kusogea karibu.

Dawa hiyo haina siri. Kwa lita 10 unachukua mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini, unajaza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, unafunika na kusubiri saa 72. Famasia ya hospitali ya wilaya inaweza kuifanya, maana ethanoli hupatikana kwenye molasi ya miwa, na miwa tunayo. Ina mipaka yake: mkono wenye damu au uchafu unaoonekana lazima uoshwe kwa maji na sabuni, na kuna vimelea vya kuhara vyenye ganda gumu ambavyo spiriti haiviui.

Kuna kitu kingine kinachoharibu mkono, nacho ni glavu. Muuguzi aliyevaa glavu hujiona salama, na kwa upande wake yu salama kwa kiasi. Mgonjwa ndiye anayepata hasara, kwa kuwa glavu iliyomgeuza huyu ikamfungua yule dripu ni mkono ambao haujaoshwa, tena mkono usiohisi kwamba umelowa. Tangu UVIKO-19 nimeliona hili likiongezeka, na naliona kuwa hatari kuliko mikono mitupu. Mengine ya mwili wa muuguzi yanajulikana, nayapita haraka: kucha fupi zisizopakwa rangi, pete na saa viachwe nyumbani, nywele zifungwe, sare ivaliwe kazini na kuvuliwa kazini badala ya kupanda nayo daladala. Hili la mwisho linataka chumba cha kubadilishia nguo. Ni vituo vingapi vya afya vinacho?

Hapo ndipo tunafika kwenye maji, na hapa ndipo naomba wanaopanga bajeti wakae wasome. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinataka lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa, na lita 100 kwa kila mama anayejifungua. Wodi ya wagonjwa 40, basi, inataka lita 1,600 hadi 2,400, yaani ndoo za lita ishirini 80 hadi 120, kila siku, Jumapili na sikukuu. Bomba likikauka saa tatu asubuhi, nani anabeba ndoo hizo? Ndugu watabeba za mgonjwa wao. Msafishaji atabeba za kudekia. Ndoo ya muuguzi kunawia mikono haina mbebaji. Takwimu za pamoja za Shirika hilo na UNICEF za mwaka 2022 zilionyesha kwamba karibu nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma ya msingi ya usafi wa mikono, ambayo ni maji na sabuni au spiriti mahali pa kuhudumia wagonjwa, na maji na sabuni chooni. Ndoo za koki zilizowekwa kila mlango wakati wa UVIKO-19 zilikuwa jibu la haraka na zuri. Nyingi leo zimepasuka au hazina maji, na kibuyu chirizi kilichotengenezwa na wanafunzi wa shule ya msingi jirani huenda kina maji kuliko sinki la zahanati.

Nafasi nayo ni usafi. Miongozo inataka mgonjwa mmoja kitanda kimoja, na angalau mita moja kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mahali ambapo wazazi wawili wanalala mzungu wa nne na watoto wao wachanga katikati, unaweza kudeki mara nne kwa siku na usimalize chochote.

Nataka tukae kidogo kwenye kazi ambayo naiona kuwa moyo wa uuguzi, na ambayo imetutoka mikononi bila uamuzi wa mtu: kumwogesha mgonjwa kitandani. Mtazame muuguzi anayeijua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, naomba nikuogeshe mapema, upumzike kabla daktari hajapita."

Anavuta pazia, anafunga dirisha la upande wa upepo, anatandika makintoshi chini ya mgonjwa. Maji ameyapima joto kwa kiwiko. Macho anayasafisha bila sabuni, kutoka kona ya puani kwenda nje, kila jicho na upande wake wa kitambaa. Anafuata uso, shingo, mkono wa mbali, kisha wa karibu. Kila kiungo kinafunuliwa, kinaoshwa, kinakaushwa na kufunikwa kabla ya kingine kuguswa. Kati ya vidole, kwapani na kwenye mikunjo ya kinena anakausha kwa makini, maana unyevu ndio unaokuza fangasi. Anabadilisha maji kabla ya sehemu za siri. Angekuwa mama, angemsafisha kutoka mbele kwenda nyuma, ili vijidudu vya haja kubwa visifike kwenye njia ya mkojo. Kisha anamgeuza ubavu, na hapo kazi ya pili inaonekana. Anatazama chini ya mgongo, visigino, nyonga. Vitabu husema tafuta wekundu usiopotea ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo anatafuta sehemu iliyokolea rangi kuliko jirani yake, anaweka mgongo wa vidole ahisi joto, anabonyeza asikie ugumu. Kidonda cha mgandamizo kikigunduliwa hatua hii, kumgeuza kila baada ya saa mbili kunatosha. Kikigunduliwa kikiwa wazi, ni miezi.

Katika wodi zetu nyingi kazi hii sasa hufanywa na ndugu. Binti anakuja saa kumi na mbili asubuhi na beseni, dodoki na sabuni, anamwogesha mama yake kwa upendo ambao mshahara hauununui, na kuondoka kabla kengele haijalia. Mwili umeoshwa. Ngozi haijasomwa. Binti hakufundishwa kuangalia kisigino, na muuguzi, akiona mgonjwa amevaa kanga safi, huandika kwamba ameogeshwa. Uchunguzi wa ngozi umeangukia kati ya watu wawili. Kwa mgonjwa asiye na ndugu mambo ni mabaya zaidi, kwani kuoga kwake hutegemea huruma ya ndugu wa kitanda cha pili, kwa beseni lile lile ambalo limeshazunguka nusu ya wodi.

Kinywa kinaachwa kuliko ngozi. Mgonjwa asiyejitambua hapigwi mswaki, akidhaniwa kwamba hali, hivyo hahitaji. Kumbe mate yaliyojaa bakteria hushuka mapafuni na kuleta nimonia. Kumlaza ubavu, mswaki laini au pamba iliyofungwa kwenye kijiti, maji kidogo: kazi ya dakika chache ambayo haina gharama ya kutajika.

Na kuna kutawadha. Kwa Mwislamu, na kwa watu wengi wa pwani wa dini yoyote, kumaliza haja bila maji ni kubaki mchafu, na mgonjwa anayeogopa kuwa mchafu hujizuia kunywa na kula ili asiende haja. Nimewasikia wazee wakikiri hivyo. Kopo la maji kando ya kitanda, muuguzi wa jinsia inayofaa pale inapowezekana, na kumkumbusha asiyeweza kugusa maji kwamba dini imempa tayamamu, ni mambo yanayosaidia kuzuia ukosefu wa maji mwilini na maambukizi ya mkojo. Mwenye mpira wa mkojo naye aoshwe kila siku pale mpira unapoingilia, na mfuko wake ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu.

Tuje kwenye ndoo ya klorini, ambayo kila wodi inayo na wachache wanaiheshimu. JIK ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa maji vipimo sita kupata asilimia 0.5, inayofutia damu iliyomwagika. Nguvu hiyo haidumu. Jua huiua, na damu na vumbi huimaliza, ndiyo maana hutengenezwa upya kila siku na uchafu wenyewe hufutwa kwanza. Nimeona ndoo ya tangu juzi ambayo mtu huchovya kitambaa kwa imani kamili, huku haina tofauti na maji ya mtoni. Desturi ya kuloweka vifaa vya upasuaji kwenye klorini kabla ya kuviosha, waliyofundishwa wauguzi wengi wa umri wangu, imekwisha kuachwa katika miongozo mipya: huvila vyuma, na damu huizima dawa. Siku hizi kifaa huoshwa kwanza kwa sabuni na brashi chini ya maji, halafu ndipo huingia kwenye mashine ya mvuke wa nyuzi 121.

Anayeishika ndoo hiyo ni msafishaji. Katika hospitali nyingi kubwa ameajiriwa na kampuni ya zabuni, na zabuni huamuliwa kwa bei. Hayumo kwenye mafunzo ya wodi, hapokei taarifa kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne ana kipindupindu, pengine hajachanjwa dhidi ya homa ya ini aina B, na bado ndiye anayebeba sanduku la sindano lililotakiwa kufungwa likifika robo tatu na ambalo limefurika hadi ncha zinatoka nje. Sakafu ni yake kwa mkataba. Vitanda, ambavyo wagonjwa wanavigusa mara elfu kuliko sakafu, mara nyingi haviko kwenye mkataba wa mtu. Dekio lake moja hutoka chooni kuja wodini, wakati utaratibu ni kuanza pasafi kwenda pachafu, juu kwenda chini, na choo kiwe cha mwisho na dekio lake mbali. Mtu huyu ni mtumishi wa afya kamili. Napendekeza akae kwenye makabidhiano ya zamu pamoja na wauguzi, atajwe kwa jina, na apewe orodha fupi ya vitu vinavyoguswa zaidi, kila kimoja kikiwa na saa yake na sahihi ya mtu.

Kwamba hili linawezekana tumekwisha kuona. Mwaka 2007, kwa ushirikiano na Japani, hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza utaratibu wa hatua tano ambao watumishi wanaujua kwa majina yake: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ulitoka viwandani, na baadaye ukasambaa hospitali nyingi nchini. Nguvu yake, kwa maoni yangu, iko kwenye hatua mbili za mwanzo, kuondoa visivyohitajika na kukipa kila kinachobaki mahali pake, kwa kuwa chumba kilichojaa makabati mabovu hakisafishiki. Udhaifu wake umekuwa kwenye ya mwisho. Mabango hubaki ukutani muda mrefu baada ya mkuu wa wodi aliyeyabandika kuhamishwa.

Wakunga wametutangulia katika hili. Kanuni yao ya usafi wa kuzalisha inataja mikono, sehemu za siri za mama, mahali anapojifungulia, kifaa cha kukatia kitovu, uzi wa kukifungia, na kitovu chenyewe. Ukiitazama utaona haigawi mtu na mazingira hata kidogo. Mwili wa mama, mkono wa mkunga na makintoshi viko kwenye orodha moja na vina msimamizi mmoja. Pamoja na chanjo ya kinamama, kanuni hiyo ndiyo iliyoiwezesha Tanzania kuthibitishwa mwaka 2012 kwamba pepopunda ya wazazi na watoto wachanga si tatizo tena la afya ya jamii. Siku hizi imeongezwa kwamba mtoto asiogeshwe hadi saa 24 zipite, ili asipoteze joto, jambo ambalo mabibi wengi bado hulishuku na ambalo mkunga hana budi kulieleza kwa subira, kwa heshima, kabla bibi hajafika na maji ya moto.

Bibi huyo, binti mwenye beseni, kaka anayekesha chini ya kitanda: hawa hawatatoka wodini, na sioni sababu ya kuwatoa. Wanahitaji kupokelewa kama sehemu ya huduma. Siku ya kulazwa, muuguzi amwonyeshe ndugu mmoja aliyeteuliwa na familia mambo machache kwa vitendo: wapi pa kunawia, namna ya kumgeuza mgonjwa, kwamba asikalie kitanda cha jirani, kwamba akiona ngozi imebadilika rangi amwite sista. Kila asubuhi wamwogeshe pamoja, muuguzi akikagua mgongo na ndugu akishika beseni, beseni lenye jina la mgonjwa kwa plasta. Siku ya kuruhusiwa, ndugu yule yule ndiye afungue kidonda na kukifunga mbele ya muuguzi, mikono ikiwa imeoshwa, kabla cheti hakijatiwa sahihi. Akikosea, arudie.